Baraza Lililoingia Ukumbi wa Shabaha

Usiku wa jana, baada ya muhogo wa nazi niliokatazwa na daktari, niliota godoro langu linakohoa.

Lilikohoa kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi, kisha likasema, "Shikamoo, mzee. Nimetumwa. Ule ukumbi wa shabaha unafunguliwa leo, mara moja tu. Jua likizama, sisi magodoro tunarudi humo, na hatutoki tena."

"Marahaba," nikaliitikia. "Nani amekutuma?"

"Ukumbi wenyewe. Unasema umechoka kunuka sponji."

Sikushangaa. Tulilinunua humohumo, lina haki ya kujua habari za kwao.

Wageni wa mji huu hawajui kwamba lile duka la magodoro la Kibaoni lilikuwa klabu ya kiwanda cha magunia. Enzi hizo, Jumamosi jioni, mitambo ikishanyamaza, sisi wanaume tulioga, tukapaka nywele mafuta, tukaenda kulenga shabaha ndani ya nyumba, chini ya paa, kwenye taa za umeme. Kuta zilipangwa magunia ya mchanga mpaka darini. Ukifyatua risasi, ukuta mzima unaguna. Mimi mwenyewe niliwahi kumpiga nzi mguu wa kushoto, akaenda zake akichechemea. Waliokuwa wakibisha wamekwisha kufa wote, kwa hiyo nadhani tumekubaliana.

Wanawake mwisho barazani. Ndivyo klabu ilivyokuwa. Barazani palikuwa na viti vya kamba na kreti la soda, na hapo ndipo alipokaa mke wangu Modesta. Kiwandani alikuwa akishona midomo ya magunia, na kule uwanjani, kwenye mafunzo ya mgambo, alitupiga bao wote, mkufunzi wetu akiwemo. Alikaa na soda yake akisikiliza milio kupitia ukutani. Nikitoka ananiambia, "Ile ya pili uliivuta kwa hasira." Na kweli niliivuta kwa hasira.

Ombi lake lilikuwa hilo moja. "Risasi moja tu, Baba Gaudensi. Nipige moja mule ndani, nisikie inavyolia nikiwa upande wa kitako cha bunduki."

Kiwanda kikafa, klabu ikafungwa, magodoro yakaingia. Hakuomba tena. Ila mpaka leo tukipita pale huanza kunisimulia habari za mvua, hata kama ni kiangazi.

Kwa hiyo godoro liliponiambia, niliruka.

"Mama Gaudensi, amka! Wamefungua!"

Anaamka. Amevaa kaki zake za mgambo, zimepigwa pasi zikasimama. Miguu ni ile ya usichana. Magoti ni ya sasa.

"Wamefungua nini, na wewe?"

"Ukumbi."

Anakaza kamba za viatu, ananitangulia.

Tunatokea jikoni kwetu. Jikoni ni uwanja wa mpira. Tunakatiza katikati ya mechi, na refa ananionyesha kadi ya njano kwa kutembea kizee. Tunapita golini, na nyuma ya wavu ni wodi ya hospitali, ila badala ya vitanda kuna mitambo ya kufuma, na kwenye mitambo wamekaa wenzetu wa zamu ya asubuhi, vijana wote, manyuzi ya katani yamewajaa kichwani kama mvi za kuazima.

"Modesta!" wanaita. "Leo unaingia?"

"Naingia!"

"Na huyo babu uliyemleta ni nani?"

"Nimemwokota njiani," anajibu, na wodi nzima inaangua kicheko.

Natamani tukae nao. Wananukia vilevile, mafuta ya mashine na chai ya tangawizi. Lakini jua limetundikwa darini kama taa na linashuka, tunaondoka bila kuaga vizuri, kama tulivyoondoka siku ile kiwanda kilipofungwa.

Mlangoni pa klabu yuko bawabu. Si mtu, ni koti. Koti la kaki, vifungo vinang'aa, ndani hamna mwili.

"Habari za kazi," nasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Alistaafu," linajibu koti. "Mimi sikuambiwa." Linajikung'uta vumbi begani. "Masharti ni yaleyale. Mlengaji hushusha nusu ya pumzi, akashikilia nusu. Ile ya kushusha unaiacha hapa."

Nashusha. Nusu ya pumzi yangu inatoka ikinuka muhogo, koti linaipokea na kuitundika msumarini, pamoja na nusu za watu ambao hawakurudi kuchukua zao. Naitambua ya marehemu Mbonde, rafiki yangu, kwa kile kikohozi chake cha tumbaku. Inanikoholea. Naikoholea. Tumesalimiana.

Kuanzia hapo kila ninachosema kinaishia njiani.

"Tafadhali," nasema, "mpishe mke w—"

"Wanawake mwisho barazani," linasema koti.

"Kaka koti," anasema Modesta, "mimi nimekuja kwa risasi moja."

"Dada yangu, sina chuki na wewe. Soda ninakufungulia mwenyewe. Lakini sheria inasema mwanamke hapiti baraza."

"Haina neno," anasema Modesta, na anavuka kizingiti.

Mguu wake unapotua ndani, sakafu chini yake inageuka baraza. Saruji ileile nyekundu, ufa uleule. Anapiga hatua nyingine, baraza linasogea naye, na viti vya kamba vinafuata vikikwaruza, na kreti la soda linakuja nyuma likigonganisha chupa. Ananyoosha mgongo, anatembea. Baraza linaingia ukumbini naye kama gauni refu la harusi.

Koti linasimama. Linainama, linachungulia sakafuni.

"Yuko wapi sasa huyu?"

"Bara—" nasema mimi.

"Barazani," anamalizia Modesta. "Sijapita."

Koti linafikiri, kola imekaza. "Hajapita," linakubali. "Lililoingia ni baraza. Na baraza halijakatazwa."

Magunia ya ukutani yanamtambua. Mnong'ono unapita toka sakafuni hadi darini, "Ndiye aliyetushona, ndiye aliyetushona."

"Kelele," anayaambia. "Na wewe wa kona, mdomo umeanza kufumuka. Nikitoka hapa nisikukute hivyo."

Bunduki iko juu ya meza, imefungwa kamba shingoni kama mbuzi, kitakoni ina bamba la chuma lililokazwa kwa skurubu mbili.

"Nani leo?" inauliza.

"Mimi."

"Mikono yako midogo."

"Na wewe mzito. Tuvumiliane."

Mwisho wa ukumbi amesimama shabaha, mwanaume wa karatasi ngumu mwenye duara tumboni. Anapomwona aliyeshika bunduki, anageuka ubavu. Kwa kuwa ni wa karatasi, ubavu wake haupo. Anatoweka papo hapo, anabaki sauti.

"Mimi nimezoea wanaume," inasema sauti. "Wananikosa kwa heshima."

Nageuka kutazama mlango wa nyuma. Magodoro yanaingia. Yamebebana, mapana, kimya, yamevaa nailoni zao. Moja linajilaza kwenye njia ya risasi, jingine linalala juu yake, na jingine.

"Samahani, mama," yanasema. "Jua limezama. Saa zetu hizi."

Nataka kumwambia afanye haraka. Nataka kumwambia kwamba yakishajaa hatafungua mtu tena, na sisi hatuna Jumamosi nyingine nyingi. Kinachotoka ni "Mode—", basi.

Modesta anaona mwenyewe. Anashusha bunduki. Anaweka mkono kiunoni. Najua kinachokuja, na kama ningekuwa na pumzi nzima ningekimbia.

"We! Hebu geuka hapa! Mwanaume mzima unasimama ubavu kama mlango wa choo? Ujana wangu wote nimekungoja pale nje, nimekunywea masoda mpaka meno yakaoza, leo ndiyo unaona haya? Simama! Kifua mbele! Na nyie wa sponji, sogeeni, hamuoni watu wana kazi?"

Shabaha anageuka. Anasimama wima, mikono ubavuni. Koti limesimama wima. Mimi nimesimama wima, na sijui nimeanza saa ngapi. Magodoro yanabanana kwa woga, na kati yao panabaki upenyo wa kutosha uso wa mtoto.

Modesta anaegemeza kitako begani. Hafumbi jicho, hajawahi kufumba. Anashusha nusu ya pumzi, pumzi yake mwenyewe, ambayo hakuna mtu mlangoni aliyethubutu kumwomba.

Inalia.

Ukuta mzima unaguna. Harufu ya baruti inakuja, na nyuma yake chai ya tangawizi, mafuta ya nywele, vumbi la katani, Jumamosi yote. Katikati ya duara la tumboni pana tundu, na shabaha analitazama kama mtu aliyevishwa nishani.

Modesta hatazami. Amekaza kichwa, anausindikiza ule mlio mpaka kona ya mwisho.

"Kumbe," anasema taratibu. "Kwa upande huu unalia mara mbili."

Kisha magodoro yanafunga upenyo, jeupe juu ya jeupe, na mimi niko chini yao.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limekwisha ingia dirishani. Mama Gaudensi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni ameliteremsha bega moja, ananinyooshea chupa ya dawa ya kuchua.

"Nipake hapa. Umenipiga teke usiku."

"Mimi?"

"Kwani tuko wangapi humu?"

Nikavaa miwani. Bega la kulia lilikuwa limevimba na kuvilia damu. Alama yenyewe ilikuwa ndefu, bapa, imebonyea kidogo katikati. Na ndani yake, kimoja juu na kimoja chini, palikuwa na viduara viwili vidogo, kila kimoja kimepitiwa na mstari, kama vichwa vya skurubu.

Nilivitazama sana.

"Mama Gaudensi," nikasema, "kisigino changu hakina skurubu."

Aligeuzia uso dirishani, kwa hiyo sikuuona.

"Paka dawa, wewe," akasema. "Na uongee kwa nguvu. Sikio la upande huu limeziba tangu nilipoamka."