Bangili za Nguzo za Shangazi Shekha

Mwaka wa themanini na tano shangazi yangu Shekha alijenga ghorofa Malindi kwa sababu moja tu: bintiye Jaha aolewe humo, na siku ya kuonyeshwa kwa wanawake asiwepo hata mmoja aliyezibwa na nguzo.

Injinia Muhdhar, ambaye mimi nilikuwa mchoraji wake, alimpa achague.

"Mama, nguzo zikiwa nene, ringi za chuma ndani ni chache, lakini lazima nyumba ibebe nguvu ya tetemeko karibu yote. Zikiwa nyembamba, kwenye hesabu nguvu hiyo naigawa kwa nne. Ila lazima ringi zibanane, ili nguzo ipinde isikatike."

"Tetemeko?" Shangazi akacheka. "Litoke wapi, Ganze? Kule hata maji hayafiki."

"Na ngoma ya lelemama ya wanawake wanene kule ukumbini juu?" nikamchokoza.

"Wewe nyamaza, hata mchumba huna. Muhdhar, gawa kwa nne."

Siku ya kumwaga zege la nguzo, majirani walijaa na ndoo zao, pilau ikinukia mtaa mzima. Muhdhar akachungulia ndani ya mbao kabla hazijafungwa. Baina ya ringi na ringi mkono wake ulipita mpaka kwapani.

"Fundi Tsuma, ringi zangu ziko wapi?"

Tsuma akatazama sufuria. "Muulize mwenye nyumba."

"Nusu nimempa shemeji Stambuli, anajenga Mambrui," akasema Shangazi. "Zilijazana bure, kama bangili za mtu asiye na kazi. Kaomba, nimnyime ndugu wa marehemu mume wangu?"

"Nguvu niliigawa kwa nne kwa sababu ya ringi hizo. Hazipo, basi na nne haipo. Ama zirudi, ama nguzo zinenepe."

"Niende kumnyang'anya shemeji nilichompa kwa mkono wangu? Nitauweka wapi uso?"

Muhdhar akanigeukia. "Chora nene."

Nikachora kwa raha zangu. Nguzo kama pipa la lami, na nyuma yake kijimwanamke kinanyoosha shingo. Chini nikaandika: *Bi Kibibi.*

Shangazi akaitazama karatasi. Bi Kibibi, jirani yetu mwenye mdomo, angekosa kumwona bibi harusi, mpaka Lamu wangesikia kwamba Jaha ana chongo.

Akavaa buibui, akapanda pikapu ya kokoto, akaenda Mambrui.

Alirudi na ringi, bado hazijafungwa popote, na Stambuli kakaa juu ya ringi hizo, amenuna. Shemeji hakumwamkia mtu. Alikaa jamvini, akala pilau sahani kwa sahani kama anayelipiza kisasi, huku Tsuma akifunga ringi na wanawake wakipiga kigelegele kila moja ilipokaa. Zege likamwagwa kesho yake, watu wakila kiporo.

"Na wewe mchoraji," Shangazi akaniambia, "siku ya harusi utalinda viatu."

Nikavilinda. Lelemama lilirindima juu ya kichwa changu, na nguzo zikasimama vile vile, nyembamba. Bi Kibibi akamwona Jaha vizuri kabisa, kutoka utosini hadi kwenye hina ya miguu.

Akalalamikia pilau.