Uzito wa Kontena

Alikuwa juu ya jukwaa la mbao, anasawazisha plasta kwenye ukuta wa ghorofa ya pili, alipomsikia baba yake redioni. Redio ilikuwa ya fundi mwenzake, imetundikwa kwenye msumari dirishani, na mchana ule kulikuwa na kipindi cha michezo ambacho watu hupiga simu na kubishana. Ubishi ulikuwa ule ule usiokwisha: mabondia wa zamani wa uzito wa juu, waliokuwa na kilo themanini na kitu, wangeweza kusimama na majitu ya siku hizi?

"Wangesimama wapi, mzee wangu?" mtangazaji alikuwa anasema. "Leo tunazungumzia watu wa kilo mia na ishirini, kama huyu bondia wetu Kontena."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," alijibu mgeni wake, kwa sauti ambayo fundi plasta angeitambua hata ndani ya pipa. "Hawa wenu wakifika raundi ya nne wanahema kama mbwa juani. Mimi nina mwanangu nyumbani, kilo themanini na sita, nimemfundisha mwenyewe ngumi za zamani. Mleteni huyo Kontena."

Fundi mwenzake akageuka taratibu. "Si wewe huyo anayesemwa?"

"Ni mimi," alisema, na plasta ikaanza kudondoka kutoka kwenye mwiko.

Baba yake aliitwa Radi. Enzi zake alikuwa bingwa wa uzito wa juu kwa mwili ambao leo ungemfanya mtu aambiwe akale kwanza. Wakati huo aliyevuka kilo themanini alikuwa mzito, basi. Hakukuwa na daraja la katikati. Siku hizi lipo, na lingemfaa fundi plasta kama shati la kushonewa, lakini kila alipolitaja, Radi alisema nyumba ile haijawahi kupigana na watoto. Kwa hiyo mwana alipigana na wazito wachache waliokubali, akashinda baadhi, na mpaka anapata miaka thelathini na moja, ana mke na kazi yake, mji mzima bado ulimwita Mtoto wa Radi. Jina lake mwenyewe walilijua mke wake na watu wa kliniki.

Jioni ile alipita gereji ya baba yake. Zamani palikuwa pa magari. Sasa palikuwa na ulingo mdogo, magunia mawili ya ngumi na picha za Radi kwenye kila ukuta. Alitaka kusema jambo moja tu, kwamba hataki. Akamkuta baba yake amezungukwa na watu, anawaonyesha mguu unavyotoka nje na bega linavyofuata.

"Huyo hapo," Radi alisema. "Mwangalieni shingo. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."

"Watu wa Kontena wameshapiga simu. Wamekubali."

Watu wakampigia makofi. Mmoja akamshika mkono na kutouachia. Angesemaje?

Nyumbani waliishi wote pamoja, vyumba vitatu na sebule. Mke wake alikuwa fundi cherehani na mashine yake ilikaa karibu na mlango wa sebule, hivyo hakuna kilichosemwa ambacho hakikumpitia. Wakati wa kula, Radi alirudia hoja zake: wepesi, pumzi, akili. Akamalizia na ile aliyoipenda kuliko zote, "Wembamba wa reli, treni hupita."

"Hupita juu yake, baba," mkwewe alisema huku akimwongezea mchuzi. "Mwenye kukanyagwa ni reli."

Radi alicheka mpaka akakohoa. Alimpenda sana mkwewe huyu. Lakini hakubadilisha neno.

Usiku, mlango ukiwa umefungwa, mke alimuuliza, "Utamwambia lini?"

"Nikimwambia sasa, atatembea vipi barabarani?"

"Na wewe utatembea vipi?"

Alizima taa. Ukuta wa chumba chao ulikuwa mwembamba, na upande wa pili mzee alikuwa anaimba.

Siku zilivyosogea, kila mtu alikuwa na namna yake ya kumfungia njia ya kutoka. Wenye gereji za jirani walibandika sura yake kwenye milango. Msimamizi wa ujenzi alimpa ruhusa kabla hajaomba. Muuza duka alikataa kumuuzia sigara ambazo alitumwa na jirani. Akajikuta anatamani augue hata homa, lakini mwili wake ulikuwa mzima kama chuma.

Wiki moja kabla ya pambano alikwenda kumwona Kontena akijifua. Alijiambia anakwenda kupeleleza. Ukweli ni kwamba alitarajia kumkuta mnene, mzito wa miguu, akihema kama baba yake alivyosema. Alimkuta anaruka kamba. Kilo mia na kumi na nane, na miguu ilikuwa haisikiki sakafuni.

Kontena alipomwona aliacha, akaja akijifuta jasho. Alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba."

"Mzee hajambo? Mimi nilianza ngumi kwa sababu yake. Baba yangu alinisimulia pambano lake moja mpaka nikalijua kwa moyo." Akamtazama mabegani. "Kaka, wewe si wa daraja langu."

"Najua."

"Nilimwambia meneja. Akasema watu wameshalitaka pambano, tusiwanyime." Alizungusha kamba mkononi. "Mimi nitapigana, kaka. Sijui kupigana nusu."

"Wala sikuja kukuomba hivyo," alisema fundi plasta, ingawa njiani kurudi hakuwa na uhakika alikwenda kuomba nini.

Pambano lilifanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Na kwa raundi tatu, lazima isemwe, Radi alikuwa sahihi. Mwanawe aliingia na kutoka kama mtu anayetupa barua chini ya mlango. Mkono wa kushoto ulifika puani kwa Kontena na kurudi kabla jitu halijajibu. Ngumi nzito zilipita hewani. Wazee waliokaa mbele walisimama. Kwenye kona Radi alimwagia mwanawe maji.

"Unaona? Unaona? Nilisema."

Fundi plasta aliona kingine. Kontena hakuwa anahema.

Katika raundi ya nne jitu liliacha kumfukuza. Lilianza kumziba njia: hatua moja kushoto, hatua moja kulia, bila haraka, kama mtu anayemrudisha kuku bandani. Ulingo ukawa mdogo. Mgongo wake ukagusa kamba, na Kontena akamwegemea. Hakumpiga. Alimwekea tu kifua na mkono nyuma ya shingo, akamwachia uzito wote aubebe. Mwamuzi akawatenganisha. Alipopiga hatua tatu akajikuta kwenye kamba tena, na ule mwili ukamjia tena, wa moto, umelowa, ukimziba taa na hewa. Hapakuwa na ufundi wa kujibu jambo hilo. Alikuwa amefundishwa kukwepa ngumi. Hakuna aliyewahi kumfundisha kukwepa mwili mzima.

Raundi ya tano miguu ilianza kumsaliti. Alipiga, na ngumi zilitua, lakini zilikuwa za mtu aliyebeba gunia tangu asubuhi. Ya sita, konani, konde la Kontena lilimpata mbavuni, akasikia kitu kikikatika ndani. Akapiga goti. Akainuka, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na goti. Kengele ikamwokoa.

"Ameisha huyo," Radi alimwambia huku akimkanda mabega. "Kama zamani tu. Zimebaki raundi mbili tu, mwanangu."

"Sirudi."

"Nini?"

"Sirudi, baba."

Radi alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha ya kigeni. Kisha akamwekea kinga ya meno mdomoni, kwa upole, akamshika chini ya kwapa na kumwinua. Kengele ilipolia, mwana alitembea mpaka katikati ya ulingo, akaitema kinga ya meno kwenye glovu na kumwambia mwamuzi basi. Kontena alimkumbatia. Safari hii hakumwegemea.

Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Daktari alimkataza kuinua mikono, na plasta haipakwi kwa mikono iliyolala. Hivyo alikaa sebuleni mchana kutwa, amefungwa kifua, akisikiliza cherehani. Radi naye alikaa humo humo. Mtu alikuwa amemtumia video ya pambano kwenye simu, na mzee aliliangalia kila siku: raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikianza, alirudisha nyuma.

"Hoja imesimama," aliwaambia waliokuja kutoa pole. "Raundi tatu zote alikuwa anaongoza. Ni mbavu tu zilizotuangusha."

Siku moja, wageni wakiwa wameondoka, kidole cha Radi kilikuwa kinaelekea kurudisha nyuma.

"Acha iende, baba."

"Huku mbele hakuna kitu."

"Mimi nipo huko mbele. Acha iende."

Cherehani ilinyamaza. Waliangalia raundi ya nne, kisha ya tano. Kwenye kioo kile kidogo mwana alionekana kichwa tu, kikichungulia juu ya bega pana, kikiingia na kutoka kama cha mtu aliyetumbukia kisimani. Ya sita ilipokwisha, Radi aliilaza simu mapajani, uso wake chini.

"Alikuwa mzito hivyo?"

"Ni kama ukuta kukuangukia polepole. Na kila ukitoka chini yake, unakuangukia tena."

Mzee aliweka viganja juu ya simu. Mikono yake, ambayo haikuwahi kutulia mtu akitaja ngumi, ilikuwa imetulia.

"Mimi hakuna aliyewahi kuniegemea namna hiyo," alisema mwishowe. "Hatukuwa nao watu hao." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Hukuniambia kwamba hutaki."

"Hukuniuliza, baba."

Mkwewe aliinama juu ya kitambaa kama anayetafuta sindano, lakini hakutafuta chochote.

"Nikipona nashuka daraja," alisema mwana. "Na huenda nikafundishwa na mtu mwingine."

Radi alisimama, akaichukua kofia yake, akasimama nayo mlangoni bila kuivaa. Barabarani watu walikuwa wanapita, na mmoja wao alimwita, Mzee Radi, vipi, zamani na sasa nani zaidi. Hakumjibu. Aliendelea kusimama pale, nusu ndani nusu nje, na mwanawe akabaki anautazama mgongo wake uliojaza mlango wote.