Kumi na Saba

Nelima alishafeli mazoezi ya ualimu mara moja, na chuo kilimwambia wazi: akifeli tena, cheti akisahau. Mwaka huo wa tisini na nne wakampeleka Murera, shule ya watoto wa wachuma kahawa, darasa la tano. Bwana Nzomo, mkaguzi wa chuo, angekuja kutoka Thika kumtazama akifundisha.

Mara ya kwanza watoto walimwangusha kwa kunyamaza jii. Safari hii aliapa hawatanyamaza. Nzomo alitarajiwa Jumatatu, kwa hivyo Ijumaa Nelima akawaambia watoto kuwa wao ndio watakaompitisha, akawafanyisha mazoezi: mia nne na nane gawanya kwa ishirini na nne. Jumatatu hakuja, wakarudia. Jumanne hakuja, wakarudia. Maskini, woga ulikuwa umemla akili, na mimi simlaumu.

Jumatano Nzomo akaingia, akaketi nyuma. Nelima akaanza kuandika ubaoni. Hajamaliza hata namba ya kwanza, darasa likalipuka.

"Kumi na saba!"

Nzomo akaweka kalamu chini, akamwinamia msichana wa dawati la mwisho, Waruguru.

"Umejuaje, na mwalimu bado anaandika?"

"Si ni ile ya jana!" Waruguru akafungua daftari kwa furaha. "Na ya juzi. Ona, mwalimu alinipa tiki zote."

Tiki nyekundu, tarehe tatu, hesabu ile ile. Nelima alitamani ardhi immeze.

Nzomo alikwenda ubaoni, akafuta, akaandika mia nne thelathini na mbili, gawanya kwa ishirini na nne. Akauliza jibu kwa upole. Mikono yote ikaruka juu.

"Kumi na saba!"

Hakuna aliyegawanya chochote. Nzomo alirudi kwenye dawati, akaandika kwa muda mrefu, kisha akamwashiria Nelima watoke nje.

"Pole, mwalimu," alisema mlangoni. "Mimi siwezi kupitisha hii."

"Nipe wiki moja tu, mzee. Nitawafundisha kweli."

"Ulikuwa nayo."

Gari la chuo likaondoka na vumbi lake. Nelima alibaki ameshika fremu ya mlango, akijua mwaka wake wote umekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Aliporudi ndani, watoto arobaini walikuwa wamesimama wima, nyuso zinameremeta.

"Mwalimu," Waruguru akauliza, "tumekupitisha?"

"Mmenipitisha," Nelima akasema, na darasa zima likapiga makofi.