Mkono wa Saba

Mwaka ule shule yetu ya wasichana ilitangaza maonyesho ya sanaa, na mada yake ilikuwa ndefu kuliko kitambaa cha kuiandikia: sayansi, teknolojia na mafanikio ya wanawake. Mwalimu wa sanaa ni mimi peke yangu, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wangu. Wanafunzi wengi walileta yale niliyoyatarajia. Mmoja alibandika uso wa rubani kwa vitufe vya kompyuta mbovu. Wengine watatu waliunda sayari kwa vifuniko vya chupa, wakagombania ipi iwe kubwa mpaka nikamwita mwalimu wa fizikia awaamue.

Sisimizi hakutaka kuchora uso wa mtu. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa alikuwa kimbaumbau wa miaka kumi na saba na hukumkuta bila kitu alichobeba, mara ndoo, mara mbao. Alilelewa na mama yake mdogo, karani wa posta, na tabia ya kupanga vitu kwa mstari aliitoa huko. Aliniambia kwamba mtu akijua anachorwa hujikaza uso, lakini mikono haijui kujikaza. Alitaka kutengeneza mikono saba ya plasta, ya wanawake saba wenye fani: mkunga, daktari wa meno, fundi umeme, mpimaji ardhi, dereva wa kreni, mtaalamu wa dawa, na injinia wa madaraja.

Daktari wa meno ndiye aliyetupa unga. Ni ule wa rangi ya waridi wanaoutumia kuchukua umbo la meno. Unaukoroga na maji, mtu anazamisha mkono ndani ya kopo, dakika tano uji unakuwa kama mpira, anauchomoa mkono taratibu, na shimo linalobaki ndiyo kalibu. Humo unamimina plasta.

Walikuja siku ya Jumatano mchana, mmoja mmoja, wakacheka, wakalalamikia ubaridi, wakaondoka na vumbi la waridi kwenye kucha. Saa nane na nusu injinia alipiga simu kusema yuko njiani, amebakiza kona moja. Sisimizi akakoroga kopo la saba mapema ili mama wa watu asisubiri. Injinia hakutokea. Uji ukaanza kuganda, tukaona umeharibika, na Sisimizi akachukua ndoo kwenda kuziosha bombani. Mimi niliingia stoo kutafuta mfuko wa plasta. Hatukukaa huko zaidi ya robo saa.

Aliporudi aliniita, si kwa sauti kubwa. Kopo la saba lilikuwa na shimo katikati, limezama mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mdomoni mwa kopo kulikuwa na matone ya maji, kana kwamba mtu amekung'uta vidole.

Tulicheka. Tulisema injinia amefika, amekuta mahali patupu, akajihudumia na kuondoka, maana watu wa madaraja hawana muda wa kupoteza. Tukamimina plasta kwenye makopo yote saba.

Saa kumi tukaanza kumenya, kama mtu amenyavyo yai la kuchemsha. Mikono sita ilitoka kama tulivyoijua. Wa mkunga una vifundo vipana, wa fundi umeme una sugu chini ya kidole cha shahada. Wa saba ulikuwa mkono wa kulia, mwembamba, na kidole chake cha mwisho kimekatika kwenye kiungo cha juu. Kutoka kidole gumba mpaka kifundoni lilipita kovu. Vidole vilikuwa vimetanuliwa kwa nguvu zote, kama mtu anayezuia mlango usifungwe.

Tukiwa bado tunautazama, simu yangu ikaita. Alikuwa injinia, akiomba radhi. Lori lilikwama darajani, akageuzia njiani, na hakukanyaga kabisa shuleni kwetu. Nilimuuliza kama ana vidole vyote kumi. Alisema anavyo, kwani kuna nini.

Nilikwenda kwa mlinzi wa geti, mama mmoja ambaye hata mkuu wa shule humwandikisha kwenye daftari akichelewa. Aliniambia kwamba baada ya fundi umeme hakuingia mtu. Nilimwamini. Huyo mama hapitwi na panya.

Kesho yake asubuhi nilifungua karakana peke yangu. Mimi si mwoga, na mizimu nimeisikia kwa watu tu. Lakini nilipoingia nilijikuta nimesema hodi, na nilikuwa nimeshavuka kizingiti. Ilikuwa kama kuingia chumba ambacho mtu ameketi humo tangu alfajiri akikungoja. Mikono sita ilikuwa plasta tu. Ule wa saba sikuweza kuupa mgongo.

Mchana mkunga alipita kuona mkono wake. Alipofika mwisho wa meza akasimama. Akavuta stuli, akaketi, akakigusa kile kidole kilichokatika kwa ncha ya chake.

"Huu ni mkono wa Hadubini," alisema. "Mmeupata wapi?"

Hadubini lilikuwa jina la utani la mwanamke aliyefanya kazi maabara katika hospitali ya mjini kwetu, zamani, mkunga akiwa bado mgeni kazini. Walimwita hivyo kwa kuwa jicho lake halikubanduka kwenye hadubini yake. Mwaka huo, mkunga alisema, mama waliojifungua salama walianza kushikwa na homa siku ya tatu, na siku ya sita wanafunikwa shuka. Wodi ikasemwa ina mkosi. Hadubini hakuamini mkosi. Alipima mikono ya wauguzi, akapima shuka, akapima mikasi, mwisho akapima tangi la maji lililokuwa juu ya chumba cha kuzalishia, na humo akawaona vijidudu vyenyewe. Alipeleka karatasi kwa mganga mkuu. Akaambiwa tangi ni jipya. Akapeleka tena, na tena, kila asubuhi kwa wiki tatu, na kila asubuhi aliambiwa aache kutisha watu.

Siku alipofariki mama wa kumi na moja, Hadubini alitoka maabara na nyundo. Alipanda ngazi mchana kweupe, akavunja koki ya tangi, maji yote yakamwagika uani. Chuma kilimkata mkono, na kidole hakikuunganika tena. Alifukuzwa kazi kwa kuharibu mali. Tangi lilibadilishwa, homa zikakoma, na ripoti ilipoandikwa ilikuwa na jina la mganga mkuu. Mkunga hakumwona tena. Alisikia kwamba amehama, akasikia pia kwamba amekufa.

Sisimizi alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Aliuliza hayo yalikuwa mwaka gani. Mkunga akataja. Msichana akakunja kitambaa mara mbili, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye. Alimngoja mama yake mdogo atoke posta, akamuuliza mama yake mzazi alikufaje. Siku zote alikuwa ameambiwa uzazi ulimchukua, basi. Mama mdogo alijaribu kuzungusha maneno, kisha akaketi kitandani na viatu miguuni akamwambia. Alijifungua salama kabisa. Siku ya tatu akashikwa na homa. Siku ile ile aliyokata roho, maji yalikuwa yakimwagika uani, na mama mdogo aliyapita na kichanga mgongoni, yamemfika kwenye vifundo vya miguu, asijue ni maji gani. Baada ya dada yake hakufa mwingine.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kumtafuta Hadubini, sisi watatu: mkunga, Sisimizi na mimi. Mkunga aliulizia kwa wastaafu wa hospitali mpaka tukaelekezwa nyumba ya mdogo wake, mshonaji, nyuma ya soko. Sisimizi alikuwa ameubeba mkono ndani ya sanduku la viatu, umezungushiwa magazeti.

Mshonaji alitukaribisha, lakini tuliposema tumemfuata nani, uso wake ulibadilika. Dada yake alikuwa hai. Alipigwa na kiharusi miaka minne nyuma, hasemi, hainuki, na mkono wake wa kulia ulijikunja ngumi tangu siku hiyo. Madaktari wawili na mkandaji mmoja walishindwa kuukunjua.

"Lakini sasa umekunjuka," alisema. "Jumatano. Nilimwacha amelala, nikaenda kupeleka sare za watu. Niliporudi, mkono umefunguka, umelowa, una uji uji wa rangi ya waridi mpaka hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono wake. "Nyumba nzima nilipekua, sikuona ulikotoka. Nikamwosha. Sijamwambia mtu, wangesema nimechoka akili."

Tuliingia chumbani. Kilikuwa chumba kisafi, dirisha moja, kitanda kimoja, na mama mwembamba juu yake mwenye macho yanayotembea haraka kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka, vidole vimetanuka. Sisimizi alifungua sanduku akauweka ule wa plasta kando yake. Sikuhitaji kuinama. Kovu kwa kovu, mkunjo kwa mkunjo, hata ukucha wa kidole gumba uliopinda.

Mkunga alilia, akimwomba msamaha kwa kunyamaza miaka yote ile. Mgonjwa alimtazama, akafumba macho mara moja. Mdogo wake akatueleza kwamba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Sisimizi akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mama, mimi ni mtoto wa yule wa kumi na moja. Ulijua?"

Macho yalifumba mara moja.

"Ulikuja mwenyewe shuleni?"

Yakafumba mara mbili.

Msichana akasogea karibu zaidi. Nilitaka kumwambia aishie hapo, lakini alinitangulia.

"Nani alikuleta?"

Hilo si swali la ndiyo wala hapana. Mama yule aliacha kumtazama Sisimizi. Aliangalia mlangoni, kimo cha uso wa mtu mzima, kwa macho ya kumpokea mgeni anayemfahamu. Kisha macho yale yakaanza kusogea polepole, yakifuata kitu kilichokuwa kikipita kati yangu na mkunga, mpaka yakatua nyuma ya bega la Sisimizi. Hapo yakatulia. Hatukusikia kitu. Pazia lilikuwa limening'inia wima. Lakini nywele za kisogoni kwa msichana zilikuwa zimelala upande, na mimi niliyesimama hatua mbili nilihisi harufu ya maji, maji mengi yaliyomwagika juu ya udongo mkavu.

Sisimizi hakugeuka. Aliinamisha kichwa akakaa vile kitambo, kama mtoto anayesukwa. Kisha akaushika mkono wa mgonjwa, na vile vidole vilivyotanuka vikajikunja taratibu juu ya vyake.

Tuliaga tukaondoka. Karibu na kituo cha basi mkunga alisema kwamba amezalisha kwa miaka kumi na saba na hajawahi kuona chumba kikijaa namna ile bila mtu kuingia.

Mkuu wa shule hakutaka mkono ule uwekwe kwenye maonyesho. Alisema tunaichokoza hospitali, na kwamba plasta isiyojulikana ilikotoka si kazi ya mwanafunzi. La kwanza mkunga alilimaliza: aliandika kwa mkono wake yote yaliyotokea kwenye tangi, pamoja na orodha ya majina ya wale mama kumi na moja, ibandikwe kando ya mkono, akatia sahihi na namba yake ya kazi, akasema atakayeudhika amtafute yeye. La pili nililijibu mimi. Nilisema kalibu iliandaliwa na Sisimizi, plasta ilimiminwa na Sisimizi, na kama mwenye mkono alifika kwa njia asizozijua mlinzi wa geti, hilo ni la mlinzi wa geti. Mkuu akasema niweke, lakini nisimpangie kusimama karibu nao.

Siku ya maonyesho watu walipita mbele ya rubani wa vitufe wakapiga picha, wakazisifia sayari. Mbele ya mikono walipunguza sauti. Kwenye ule wa saba wanawake wengine walisimama muda mrefu kuliko kawaida, na watatu kati yao walikuwa na watu wao kwenye ile orodha ya kumi na moja. Walijuana hapo hapo. Mmoja alimwendea Sisimizi akamwambia kwamba mama zao walilazwa vitanda jirani. Mama mdogo alikuwepo pia, amevaa nguo yake ya sikukuu. Hakuugusa mkono. Aliusalimia, shikamoo, kama unavyomsalimia mkubwa wako, akasogea.

Wiki mbili baadaye hospitali ilituma barua. Haikuwa ya kuomba radhi, barua za ofisi hazijui hilo, lakini ilisema jina la mtaalamu wa maabara litaongezwa kwenye ripoti ya zamani. Mshonaji aliisoma kwa sauti kitandani kwa dada yake, mara mbili, kwa kuwa aliombwa kwa macho airudie. Hadubini aliishi miezi mitano zaidi. Sisimizi alikwenda kila Jumamosi kumkanda ule mkono, na anasema mara nyingine alikuta tayari umekandwa, una joto, na mshonaji yuko kwenye cherehani tangu asubuhi.

Sasa Sisimizi anasomea maabara, mwaka wa pili. Mikono sita ilirudi kwa wenyewe. Ule wa saba mshonaji hakuutaka nyumbani, wala mimi sikuutaka karakana, kwa hiyo mkunga aliupeleka hospitalini, na umewekwa juu ya rafu ya maabara, karibu na dirisha. Nilipita kuutazama mwezi uliopita. Vijana wa pale waliniambia hawausogezi, na hakuna aliyeagizwa kuufuta. Rafu nzima ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Juu ya mkono hapakuwa na hata chembe.