Mbuzi wa Megapikseli Sitini na Moja

Nionyeshe picha yoyote, niitazame mara moja tu, nitakuambia kamera iliyoipiga ina megapikseli ngapi. Iwe ya bango la barabarani, iwe ile ya kitambulisho chako ambayo hata mama yako anaikana, mimi nasoma tu. Sijawahi kukosea. Vijana wa Riruta huniita Fidel Pikseli, na mimi huitika kwa sauti ya chini, kama mtu asiyependa sifa.

Basi habari zilipokuja kwamba kampuni moja ya kamera inawaita wapiga picha wa Nairobi kwenye hoteli ya katikati ya jiji, nilijua wameniita mimi, hao wengine ni wasindikizaji. Walitaka kutusikiliza: je, kamera wanazotengeneza zinatutosha sisi tunaokula kwa kazi hii? Tuongezewe megapikseli au tupunguziwe? Na atakayewaridhisha zaidi angekabidhiwa kamera yao mpya atembee nayo mwaka mzima.

Niliihitaji hiyo kamera vibaya sana. Yangu ilikuwa imefika mahali pa kuombewa. Unabonyeza leo, inaitika kesho. Mjomba wangu alikuwa ashaniandalia koti la buluu la duka lake la simiti na misumari, na alikuwa amelipiga pasi.

Masharti yalikuwa mawili. Uje na picha moja iliyochapishwa kubwa, na uje na mteja aliyetokea kwenye picha hiyo, ili wasikie na upande wa wanaopigwa.

Picha nilijua nitaitoa wapi. Nilikuwa na kazi ya ruracio kule Kinoo, kijana mmoja anaitwa Mwaura akipeleka mahari kwa kina Anita. Nikaazima kamera ya megapikseli sitini na moja kwa rafiki yangu Joash. Joash alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto umshike kanisani.

Mbuzi wa mahari walipoanza kushushwa kwenye pikapu, nilibonyeza nikasahau kidole hapo hapo. Trrrrr! Ikapiga kama cherehani. Nikaangalia kwenye kioo. Manyoya nayaona, kope naziona, na kuna mbuzi mmoja mweupe ningeweza kukuambia alikula nini asubuhi. Nikawapiga tena kutoka kushoto. Nikalala chini nikawapiga kutoka chini. Mzee mmoja wa upande wa kina Anita akanisimamia kichwani.

"Kijana," akauliza, "kwani ni hawa mbuzi wanaoolewa?"

Ikafika zamu ya wanawake. Kwenye ruracio, bibi arusi hufichwa katikati ya wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi kwenye viatu, na bwana anatakiwa kumtambua wake. Akikosea anatozwa faini, halafu anachekwa mpaka azeeke. Ndiyo picha ambayo familia zote mbili huisubiri. Nikainua kamera. Kamera ikaniandikia: kadi imejaa.

Kadi hiyo hiyo, ndani ya kamera yangu ya zamani, humeza harusi mbili na ubatizo bila kushiba. Lakini picha moja ya sitini na moja ni nzito kama gunia la saruji, na mimi nilikuwa nimepakia mbuzi watupu. Kadi ya pili ilikuwa imelala Riruta ndani ya kamera mgonjwa. Nikaanza kufuta mbuzi. Nafuta mmoja, kamera inauliza: una uhakika? Nina uhakika. Nafuta wa pili: una uhakika? Hata kasisi siku ya harusi hakuulizi mara nyingi hivyo.

Wakati huo Mwaura anatembea mbele ya safu, anapima kwa macho, anatabasamu kama mtu aliyepenyezewa siri. Akasimama mbele ya leso ya manjano, akaifunua kwa mbwembwe zote.

Alikuwa shosho yake Anita, bibi mzaa baba. Meno mawili, moja juu na moja chini, na kicheko cha kutosha boma zima.

"Nimekubali!" shosho akapiga kelele, akamkumbatia.

Hapo ndipo mpiga picha wa kweli hujulikana. Niliruka, nikaipokonya simu mkononi mwa Anti Virginia, shangazi yake Anita, nikapiga mara moja. Moja tu, jamani. Nikamrudishia simu yake kabla hajafunga mdomo, na baadaye akanitumia ile picha.

Nikaichapisha kubwa kama mlango. Ukisimama mbali kidogo, ungeapa ni ya sitini na moja. Nami nikaamua kuapa hivyo hivyo.

Siku ya mkutano nilikuwa nimesimama kwenye lango la hoteli nikimsubiri Mwaura, mteja mzuri kabisa, maana siku ile macho yake yote yalikuwa kwa shosho na hakujua nani alipiga nini. Badala yake nikaona kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa kikivuka barabara.

"Fidel! Mwaura ameshikwa na kazi. Nimekuja mimi, Anti Virginia wako. Si nilikuwepo siku hiyo? Najua kila kitu."

Hilo la kujua kila kitu ndilo nililoliogopa. Nikamkalisha nyuma kabisa, karibu na sambusa, nikamjazia sahani. Mtu akitafuna hasemi.

Mkutano uliongozwa na Selpher, meneja wa kampuni, mwanamke wa miwani mikubwa na maswali mafupi. Ile kamera mpya ilikuwa ndani ya sanduku, mezani mbele yake.

"Kamera zetu zinawatosha?" akauliza.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Kinyanjui, ambaye amepiga harusi za Dagoretti tangu enzi za filamu, na huvaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko kazi.

"Madam, mmezidisha," akasema. "Bibi arusi hataki kuhesabu nywele za pua ya bwana. Nikimpa picha kubwa anaitupa kwa WhatsApp, inakuwa uji. Kompyuta yangu ikianza kufungua faili moja, mimi naenda kunywa chai, narudi, bado inafungua. Tupeni betri ya kushinda kutwa. Tupeni nafasi ya kadi mbili hata kwa kamera za bei ya chini. Megapikseli ishirini na nne zinatosha mpaka Yesu arudi."

Wazee wakapiga makofi. Nikasimama.

"Mzee Kinyanjui anataka turudi kuchorana na makaa," nikasema, na vijana wakacheka. "Kwani mteja akitaka bango la Waiyaki Way, nimpe uji? Akitaka nimtoe kwa umati wa watu mia, nimkate, nimkuze, aonekane alipigwa peke yake? Madam, mtupe mia! Na mkiteleza mkaongeza, hatutarudisha."

"Manze Pikseli!" vijana wakaitikia.

Kinyanjui hakukaa chini. "Wewe si una jicho? Hiyo kwaya yangu hapo ukutani ni megapikseli ngapi?"

Nikaikaribia. Safu nne za waimbaji, kola zimenyooka, noti zinaonekana mpaka kooni. Rahisi. "Arobaini na tano," nikasema. "Nikipunguza hapo nitakuwa nimekutusi."

"Kumi na mbili. Hiyo kamera ilianza kazi kabla wewe hujaanza kunyoa."

Ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Nikasema ukuta huo una mwanga mbaya, lakini hakuna aliyesikia, hata mimi sikujisikia vizuri. Niliona koti la buluu la mjomba likinifungulia mikono. Kilichobaki kuniokoa ni shosho.

Na shosho hakuniangusha. Selpher alipita picha zote, akafika kwake, akasimama. Akacheka peke yake, halafu akavua miwani akaifuta, akaangalia tena.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, madam."

"Ulipiga na kamera gani?"

"Sitini na moja," nikasema, bila kupepesa. "Tazama jino hilo la chini. Jino kama hilo simu haiwezi, madam. Itakuletea punje ya mahindi."

Selpher akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi mezani, akaweka mkono juu ya lile sanduku na kulisogeza upande wangu. Nililiona likija. "Mzee ana hoja zake," akasema, "lakini picha kama hii ndiyo tunatengenezea kamera. Mteja wako yuko wapi?"

"Amekula, madam, amechoka. Tumwache tu apumzike."

"Sijachoka!" ikatoka nyuma. Anti Virginia alikuwa ashasimama, anajipangusa vidole kwa leso ya karatasi, anakuja. "Huyo kwa picha ni mama yangu mzazi. Na hiyo picha imetoka kwa simu yangu."

"Anti anapenda utani sana," nikasema.

"Ni simu?" akauliza Selpher.

Nikabadilisha njia haraka. "Ni simu, ndiyo, madam, lakini ni ile hali ya dharura. Mtaalamu hachagui chombo. Niliipokonya mkononi mwake nikapiga mara moja..."

"Uliipokonya lini?" Anti akaniangalia kama anayetafuta homa usoni. "Fidel mwanangu, mimi ni mama wa kanisa, usinisimamishe kwa uongo mbele ya watu. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwa nyasi unafuta mbuzi. Nikakuita, 'Fidel, geuka, Mwaura ameshika shosho!' Ukaniambia, 'Ngoja kidogo, anti, bado mbuzi wachache.' Nikapiga mwenyewe."

"Anti, pengine umesahau..."

"Nimesahau nini na iko hapa?" Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu, akaitafuta kwa kidole kimoja, akampa Selpher.

Ilikuwa picha nzima, kabla sijaikata upande wa kushoto. Selpher akaikuza kwa vidole viwili. Wapiga picha wakajazana nyuma ya mabega yake, na Kinyanjui akatoa miwani kwenye mfuko mmojawapo. Nyuma ya shosho, nyuma ya Mwaura aliyeachama, kulikuwa na mtu amewapa wote mgongo, pua ndani ya kamera, matako yameelekea bibi arusi.

Selpher akalivuta sanduku likarudi upande wake wa meza.

"Simu ya kawaida hii," Kinyanjui akasema, akiinama zaidi, "na bado shati linasomeka." Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, maandishi ya mgongoni niliyoyachagua mwenyewe yaonekane kutoka mbali: "Fidel Pikseli. Hakuna Kinachonipita."