Yatima Mwenye Mama

Jua halijachomoza, Keziah Tolley alikuwa ameshafua mashuka ya nyumba tatu, na vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya magadi. Theluji ilikuwa imeshuka mpaka nusu ya mlima ulio nyuma ya mji wa Hobart, katika koloni ambako Uingereza ilipeleka wafungwa wake. Alilikamua shuka la mwisho na mwenzake, Honora Gudge, kila mmoja akivutia upande wake.

"Leo ndiyo leo, shoga," Honora alisema. "Umejisugua mpaka masikio. Mtu atadhani unaolewa."

"Niache, nisije nikachelewa."

"Barua unazo?"

"Ya mchungaji, ya tajiri wetu, na cheti changu." Aligusa kifuani. Cheti hicho alikipata majuma matano yaliyopita. Kilimruhusu mfungwa apange chumba na kujitafutia kazi kabla kifungo chake hakijaisha. Kati ya miaka kumi na minne, Keziah alikuwa ametumikia minane.

Honora akashusha sauti. "Na mtoto? Bado anajua wewe ni mshonaji?"

Keziah alilitupa shuka kikapuni. Uso ulimwaka.

Phoebe alizaliwa katika gereza la wanawake, baba yake msimamizi wa shamba ambaye hakuulizwa lolote. Alipotimiza miaka mitatu alichukuliwa, akapelekwa nyumba ya mayatima juu ya kilima, ingawa mama yake alikuwa hai, anafua, chini ya kilima hicho hicho. Miaka mingine mitatu ikapita. Honora aliwahi kupika huko, na ndiye aliyekuwa akipeleka salamu. Siku moja mtoto alimuuliza Honora mama yake ni nani. Keziah alipoulizwa mtoto ajibiwe nini, alisema: mwambie ni mshonaji, alikuja kutoka Uingereza kwa nauli yake mwenyewe. Uongo ule ulimtoka kirahisi kama jasho.

Alitembea saa moja na nusu kwenda kumwomba mwanawe. Njiani mabibi wawili waliokuwa na mwavuli walivuka upande wa pili wa barabara walipomwona. Pengine walikwepa tope tu. Hata hivyo Keziah alitazama chini mpaka wakapita.

Karani wa nyumba ya mayatima, Bwana Prewett, alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya daftari. Alizisoma barua polepole, maganda ya yai yakidondoka juu ya jina la mchungaji.

"Mleteni mtoto," alisema hatimaye.

Phoebe aliingia na kofia nyeupe iliyofungwa kidevuni. Alikuwa mwembamba, na macho ya nyanya yake aliyebaki Norwich, Uingereza. Keziah alimjua mara moja, akaogopa kumgusa.

"Huyu ndiye mama yako," alisema karani.

"Yule mshonaji?" Phoebe akauliza, uso umemnawiri. "Nimewaambia wenzangu wote. Walikuwa hawaamini."

Bwana Prewett akaacha kumenya yai. Alimtazama Keziah kama mtu aliyeletewa kitindamlo.

"Mshonaji, eh? Sheria inataka mwombaji ataje kosa lake kwa kinywa chake. Haya, mama, taja. Kwa sauti."

"Bwana mkubwa, limeandikwa hapo."

"Mimi najua kusoma. Nataka kusikia."

"Basi mtoto asubiri nje kidogo. Nakuomba, bwana."

"Mtoto atakaa. Au unataka uende zako bila yeye?"

Keziah aliitazama sakafu. Angeweza kuondoka sasa hivi, na mtoto abaki na mama mshonaji.

"Niliiba," alisema.

"Sijasikia."

"Niliiba! Mashuka mawili na joho la bibi mwenye nyumba nilikokuwa nikitumika. Nililetwa hapa na merikebu ya wafungwa. Sikulipa nauli. Mimi ni dobi."

Phoebe alirudi nyuma hatua moja. Kisha akauliza, kwa udadisi tu, "Ulikuwa unasikia baridi?"

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo. Mtoto alikuwa amemfungulia mlango.

"Hapana, mwanangu. Niliyauza. Palikuwa na mwanamume, alitaka viatu vipya, nami nilitaka anipende."

Karani alicheka puani. Phoebe hakucheka. Alifungua utepe, akavua kofia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, chenye makovu madogo ya wembe na nywele changa kama manyoya ya kifaranga.

"Mimi niliiba mkate," alisema. "Nilikuwa na njaa. Wakaninyoa. Zimeanza kuota."

Keziah akapiga magoti na kumfunga kofia upya. Gerezani na yeye alinyolewa hivyo hivyo, na alikuwa mtu mzima.

"Imetosha," alisema Bwana Prewett. "Barua ya mchungaji haina muhuri wa hakimu."

"Mwezi jana uliniambia barua peke yake inatosha!"

"Mwezi jana ilitosha. Hakimu amekwenda kuwinda. Rudi Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao." Akamsogezea daftari. "Tia alama yako hapa."

"Nisomee kwanza. Umeandika nini?"

"Kwamba mama hajatimiza masharti."

"Andika na kwamba nilikuja."

"Hakuna nafasi ya hayo."

Keziah alirudisha kalamu mezani. "Basi alama yangu huipati, bwana."

"Utajuta, we mwanamke."

"Nimezoea."

Kengele ililia, na Phoebe akaondolewa bila kuaga. Keziah alitoka. Ujasiri wote ulimwisha alipofika uani. Alijificha uso kwa shali alipopita kwenye ukuta ambao watoto walipanga foleni nyuma yake. Habari ilikuwa imeshawafikia.

"Mama yake Phoebe mwizi! Mama yake Phoebe mwizi!"

Keziah aliongeza mwendo. Laiti ardhi ingepasuka. Ndipo akasikia sauti ya mtoto wake, kavu, haina kilio.

"Ndiyo, mwizi. Na mwezi ujao anakuja tena. Wako yuko wapi?"