Mawele ya Nthiga

Alhamisi ya sindano, Nthiga alifika zahanati saa mbili asubuhi akaketi mwisho wa benchi. Kuku wa mlinzi walimfuata mpaka miguuni, maana kila akikohoa alidondosha mawele. Yalikuwa makavu, na makapi yake. Mfagiaji alishasogeza kopo karibu.

"Nthiga, leo kohoa ya uji kabisa," mama mmoja akamwambia. "Niko na wajukuu nyumbani."

Watu wakacheka, kisha wakasogea mbali naye kidogo.

Daktari Kendi alikuwa mgeni, ametoka Nkubu. Akafungua daftari.

"Dawa unameza?"

"Nameza. Lakini daktari, kifua. Nikipanda kilima napumua kama mtu amefungiwa. Ungeweka hiyo kitu yako ya shingoni usikilize."

"Sauti za kichwani bado zinakuja?"

"Zinakuja. Hizo tumezoeana. Mimi nasema kifua."

Akakohoa. Mawele yakamwagika juu ya daftari. Kendi akayapangusa kwa kiganja, akaandika kwamba sauti bado zipo, akaongeza dozi ya sindano. Kile chombo cha kusikilizia hakikutoka shingoni.

Nthiga alipokuwa na miaka saba aliwekwa juu ya jukwaa shambani, na kombeo, afukuze ndege. Akashikwa na usingizi. Ndege wakamaliza mawele ya msimu mzima. Ireri, baba yake mdogo aliyemlea, akamtia ndani ya ghala la fito akafunika mfuniko. Siku nne alivuta vumbi la makapi. Majirani walimsikia wakienda kuteka maji. Walisema mtoto anafunzwa.

Ireri sasa ni mzee wa kanisa. Jioni hiyo alipita kwa Wambeti, dadake Nthiga, akamkuta akifagia chini ya kiti cha kakake. Akaokota punje chache, akazitafuna.

"Hii ni ile ya zamani," akasema. "Hii mbegu ilipotea. Ndio ile ndege walimaliza."

"Ndio hiyo, baba," Nthiga akasema.

"Iko nyingi?"

"Iko. Lakini kifua kinaniuma."

"Pole. Jumapili utaombewa."

Wambeti alimtazama mzee, akatazama ufagio, akaendelea kufagia. Ireri akajaza kofia yake, akaenda kupanda kabla ya mvua.

Mvua ilikuja kwa wakati. Mawele ya Ireri yakasimama vizuri kuliko ya mtu yeyote upande ule wa Kiritiri, na watu wakaja kuomba mbegu. Yalipoanza kukomaa akajenga jukwaa, akatuma Nthiga aitwe, kwa vile hana kazi.

Nthiga alipanda polepole, akipumzika kila kipago cha ngazi. Wambeti alimletea chakula mchana, akakiweka chini, akarudi. Huko juu Nthiga alikaa peke yake na kombeo, akikohoa, na ndege wakimzunguka kwa sababu ya kile kilichomtoka kinywani.

Msimu mzima hakulala hata mara moja.